Wanawake Nao Washike Mshipi

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, mwanamume akirudi pwani na pweza wawili huulizwa amevua wapi. Mwanamke akirudi na pweza wanne husemwa kuwa alikwenda pwani. Pwani ni ile ile na pweza ni wale wale, ila yule wa kwanza ni mvuvi na huyu wa pili ni mtu aliyekwenda pwani. Tumelichagua jambo hili dogo la matamshi kuwa mlango wa mazungumzo yetu kwa sababu jina hufuatwa na haki. Mvuvi huandikwa katika daftari, hukatiwa leseni, huitwa katika mkutano wa kamati ya wavuvi ya shehia yake, na mikopo ya vyombo inapotangazwa huulizwa anataka mashine ya nguvu gani. Aliyekwenda pwani haulizwi kitu.

Rai yetu ni kwamba wakati umefika kwa wanawake na mabinti wa visiwa hivi kushika mshipi na ndoana, kupanda ngalawa, na kuvua katika maji yasiyokauka. Hatulisemi hili kwa kuiga ya watu wengine, wala kwa kutaka kuwashindanisha mke na mume ndani ya nyumba moja. Tunalisema kwa kuwa yale maji ya magotini, ambayo mama zetu wametulelea kwayo tangu zama na zama, yameanza kuwatupa mkono, na asiyejua kwenda mbele ya hapo atabaki akitazama.

Tuanze na mwezi, maana ndio unaozitawala kazi hizi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Upande wa mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, maji huondoka yakaacha uwanda mpana wa mchanga, majani na mawe. Wanawake hutoka na watoto wao, kikapu mkononi na kijiti cha ncha kali, wakafuata mwendo mrefu kuelekea mwambani. Kazi hii ina elimu yake. Mama aliyezoea hulitambua shimo la pweza kwa vijiwe na magamba yaliyorundikwa mlangoni, hujua chaza wamejifukia wapi, na huijua dakika ya kugeuka kabla maji hayajamkatia njia. Wengine hutanda vidagaa kwa kanga kuukuu au kwa chandarua. Baada ya siku chache bamvua hukatika, maji mafu huingia, bahari haipwi tena kwa kadiri ya kumfikisha mtu mwambani, na mama huyo hukaa nyumbani akingoja mwezi. Kilimo cha mwani nacho hufuata saa hiyo hiyo, kwani vigingi na kamba zake vimo katika maji mafupi ambayo sharti yapwe ndipo mtu avifikie. Hivyo karibu nusu ya mwezi wa mwanamke wa pwani haina bahari ndani yake.

Sasa mtazame mumewe, au kaka yake. Mvuvi wa mshipi huyapenda maji mafu. Mkondo umelegea, chubwi inateremka wima hadi chini, mshipi haupelekwi upande, na mwenye ngalawa anaweza kutia nanga ndani ya mwamba, asipokuwa mbali na kijiji chake, akavua changu, kelea na chewa. Siku zile zile ambazo mwanamke amekunja kikapu chake ndizo ambazo ndoana hufanya kazi kwa utulivu. Hatujui mpango wa uchumi ulio rahisi kuliko huu: kuziunganisha nusu mbili za mwezi katika mikono ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine, nalo ni chungu zaidi. Kitu cha mwambani kikipata bei, huhama mikono. Pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na fungu dogo la kumuuzia jirani. Hoteli za watalii zilipozidi, na wanunuzi wa kupeleka pweza ng'ambo walipoanza kufika hadi madikoni, wanaume waliteremka na miwani ya kuzamia na mapezi ya miguuni, wakawafuata pweza katika kina ambacho mtembea kwa miguu hakifikii. Hatuwalaumu, kila mtu hutafuta pale palipo na riziki. Lakini matokeo yake tumeyaona. Huko Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wananchi walijifunza katika miaka ya 2010 kuufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kuufungua kwa siku maalumu. Ni utaratibu wa busara, na tunawapongeza waliouanzisha, kwani pweza hukua upesi na muda mfupi wa kumwacha huonekana katika mizani. Ila popote mwamba ufunguliwapo kwa namna hiyo, mwenye miwani na boti hutangulia kufika penye pweza wakubwa, na mama mwenye kijiti huokota waliosalia katika maji mafupi, ilhali naye alivumilia miezi ile ile bila kitoweo.

Mwani nao umetufunza somo la namna hiyo kwa njia yake. Kilimo cha biashara kilipoanza katika pwani ya mashariki mwaka 1989, wanaume wengi walikiona kuwa kazi ya kitoto, wakawaachia wanawake. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanakisiwa kuzidi 20,000, na wengi mno kati yao ni wanawake. Kwa fedha hiyo nyumba zimeezekwa bati na watoto wamenunuliwa sare za skuli. Hili halina haja ya ushahidi, atakaye aende Paje akaulize. Lakini ule mwani wa bei nzuri, wanaouita kotonii, haukustahimili joto la maji mafupi. Ulianza kuoza kwenye kamba, sehemu baada ya sehemu, na wakulima wakabaki na spinosamu, ambao ni mgumu wa kufa na hafifu wa bei. Mtaalamu wetu Dr. Flower Msuya, aliyefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi, alionyesha pamoja nao kwamba kotonii unaweza kuoteshwa katika maji ya kina, yaliyo na ubaridi, kwa kamba zinazoelea na kwa nyavu za mviringo. Elimu ipo. Kizuizi ni kwamba kina kinataka chombo, na kinataka mtu ajuaye kuogelea, na walio wengi katika wakulima hao hawajui.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Dini wala nguvu za mwili hazijamzuia mwanamke wa visiwani kwenda mbele ya mwamba. Amezuiwa na mambo matatu ya kawaida kabisa: hakufundishwa kuogelea, hana chombo, na hakuandikwa. Yote matatu yanaweza kuondolewa na binadamu.

Kwa nini tunataja mshipi kabla ya zana nyingine? Kwa sababu ni mlango mdogo ambao hauhitaji mtaji wa kutisha. Mshipi wa mkono ni uzi wa nailoni, ndoana, chubwi ya risasi na chambo cha ngisi au dagaa. Vyote huingia ndani ya kopo moja. Wawili wanatosha katika ngalawa ndogo. Hapana kukokota, hapana kuvuta kamba nzito kwa watu kumi, na mwamba hausagwi. Ujuzi wake umo katika kidole cha shahada, ambapo uzi hulazwa ili mvuvi aisikie tofauti baina ya samaki anayeonja, samaki anayemeza, na jiwe lililoinasa ndoana. Kisha kuna faida ya pili ambayo maofisa wa uvuvi wataithamini. Ukubwa wa ndoana humchagua samaki, na mchanga aliyenaswa anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Chandarua hakirudishi kitu. Hukusanya vifaranga vya samaki ambao kesho wangekuwa changu wa kilo nzima. Sheria zetu zinakataza nyavu za matundu madogo, na ni haki zikataze, lakini kumnyang'anya mama chandarua bila kumpa njia nyingine ni kumwambia alale na njaa kwa mujibu wa sheria. Tunakiri kwamba ndoana nazo zikizidi kupita kiasi humaliza samaki. Hata hivyo tunachokitaka hapa ni kubadilisha zana katika mikono iliyokwisha kuwamo baharini, na mikono hiyo imo baharini tangu kabla yetu.

Wako watakaosema kwamba ndoana ni ya wanaume kwa maumbile. Tuwatoe nje ya visiwa kwa kitambo kidogo. Waingereza wana uvuvi wao wa mitoni ambao ndoana huvishwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu, ikarushwa mbali kwa fimbo ndefu nyembamba. Kwao ni mchezo wa heshima, na kwa muda mrefu mabwana waliuhesabu kuwa ni wao. Lakini kitabu chao cha kale juu ya uvuvi wa ndoana, kilichopigwa chapa mwaka 1496, kimenasibishwa kwa karne nyingi na mtawa wa kike, Juliana Berners, ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ni yeye. Mwaka 1922, katika mto Tay huko Scotland, msichana Georgina Ballantine, akiwa ndani ya mashua na baba yake, alimvua samaki aina ya samoni mwenye uzito wa ratili 64, yaani kilo 29. Baada ya miaka 100 hapakuwa na Mwingereza wala Mskoti aliyeipita rekodi yake kwa fimbo. Miaka miwili baadaye, katika mto Deveron, bibi mwingine, Clementina Morison, alimtoa samoni wa ratili 61 kwa ndoana hiyo hiyo ya manyoya. Na huko Marekani kulikuwa na binti aliyeitwa Joan Salvato, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Joan Wulff. Baba yake alimfundisha ndugu yake wa kiume kurusha ndoana, kwa kuwa aliona kazi hiyo ni ya wavulana. Binti akaishika fimbo kwa hamu yake mwenyewe, na mwaka 1951 akashinda shindano la kurusha mbali ambalo wapinzani wake wote walikuwa wanaume. Wenye ujuzi wanasema siri ya kurusha ni wakati na kiwiko, si misuli.

Ndoana ya manyoya haina ugeni mkubwa kwetu. Nahodha arambazaye nguru nje ya mwamba naye huifunga ndoana yake nyuzi nyeupe, akaikokota nyuma ya chombo ili samaki adhani ni dagaa akimbiaye. Kufunga chambo cha namna hiyo kunataka vidole vyepesi na subira. Visiwani petu, ambako mabinti husuka ukili na kudarizi kofia kwa sindano hadi usiku, tunaambiwa vidole vyepesi vimekosekana?

Sasa tuseme juu ya sitara, maana hilo ndilo neno linaloletwa kila mara mazungumzo yafikapo hapa. Sisi tuliopitia vyuoni kabla ya kupitia skuli tunakumbuka kwamba Sura ya Maida imehalalisha mawindo ya bahari, wala hatukufundishwa kwamba ruhusa hiyo iliwahusu wanaume peke yao. Upo pia usia mashuhuri unaonasibishwa na Sayyidna Omar wa kuwafundisha watoto kuogelea. Sitara ni wajibu, na ndani ya ngalawa mwanamke aliyejifunga vizuri ana sitara kuliko yule anayeinama mwambani nguo zikiwa zimemlowa mbele ya kila mpita njia. Huko Nungwi, katika miaka ya 2010, mradi wa Panje uliwafundisha mabinti kuogelea na kuelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na waalimu wa kike walipatikana humo humo kijijini. Huko Jambiani, katika kilimo cha sponji za baharini ambacho majaribio yake yalianza mwaka 2009, akina mama walijifunza kuogelea na kuvaa miwani ya majini kama sehemu ya kazi, na kazi ikafanyika. Vijiji havikuanguka.

Juu ya kuogelea tunaomba radhi ikiwa tutalisema jambo zito. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na haukupita mwaka mzima, Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Mamia ya watu wetu walikwenda, na nyumba nyingi za Pemba hazina haja ya kukumbushwa. Hatusemi kwamba kila ajuaye kuogelea angeokoka katika giza na mkondo ule. Tunasema kwamba watu wa kisiwa, waliozungukwa na maji pande zote na wasafirio kwa maji kwenda kwa wazazi wao, wanamfundisha mtoto wa kiume kuogelea kwa kumwacha tu acheze pwani, na mtoto wa kike wanamwita arudi nyumbani kabla hajalowa.

Lipo na suala la nani atapika. Twalitaja kwa sababu wanaume hulitaja kwa kunong'ona, na wanawake hulitaja kwa sauti. Mama anayeamka alfajiri kuchota maji, akaenda mwambani, akarudi kutwanga na kupika, hawezi kuongezewa ngalawa juu ya hayo yote kisha tukaita maendeleo. Akishika mshipi, mwenzake ashike kitu kingine nyumbani. Hili halina kamati ya kulipitisha; linaamuliwa na kila mlango, na tunajua kwamba baadhi ya milango itachelewa.

Tukija upande wa wenye mamlaka, tunaanza na daftari. Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na katika miaka iliyofuata boti za faiba ziligawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani kwa njia ya mikopo. Ni hatua kubwa na tuliifurahia. Lakini afisa anayegawa hugawa kwa orodha, na orodha hutoka kwa kamati, na kamati hujazwa na wenye vyombo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2023 juu ya uvuvi mdogo duniani, lilihesabu kwamba kati ya kila watu kumi wanaoshughulika na uvuvi huo, wanne ni wanawake, mara tu kazi za kabla na baada ya kuvua zinapohesabiwa pamoja. Sheha yeyote na aichukue orodha ya wavuvi wa shehia yake jioni hii aitafute hesabu hiyo ndani yake. Asipoiona, basi orodha ndiyo yenye kasoro, maana wanawake wapo. Atawaona bamvua lijalo.

Wala tusidhani kwamba mwanamke akishughulika na samaki nchi kavu pekee inatosha. Mangapwani na Mkokotoni akina mama wamejijengea kazi kubwa ya kuchemsha na kuanika dagaa, ambao husafirishwa hadi Congo. Tunawaheshimu sana. Lakini siku boti zinapoingia na dagaa kidogo, bei hupandishwa na mwenye boti, na mama mwenye jiko na chumvi hulipa au hukosa. Kama katika boti kumi moja ingekuwa ya ushirika wa wanawake, yenye binti zao ndani yake, mazungumzo ya bei pale dikoni yangekuwa na sauti nyingine.

Kwa vitendo hatuombi makubwa. Kila wilaya ya pwani ichague vijiji viwili vya kuanzia. Skuli zilizo kando ya bahari ziingize kuogelea katika saa za michezo, na waalimu wa kike walipwe kama walipwavyo wengine. Wazee wetu waliozeeka na mshipi mkononi, ambao sasa hukaa vibarazani wakihadithia chewa wa zamani, waitwe wafundishe mabinti mafundo, chambo, alama za nchi kavu za kuupata mwamba, na namna ya kulisoma wingu kabla ya kulisikiliza tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila ngalawa ya wanafunzi iwe na maboya ya kujiokolea ya kuwatosha wote. Mahali pasipo na maboya, mafunzo yasifanyike. Na madikoni pajengwe vyoo vyenye milango. Mtu aweza kulicheka hilo la mwisho, lakini tumeona mipango mizuri ya wanawake ikivunjika kwa ukosefu wa mlango mmoja wa choo.

Majira ya kuanza yanajulikana. Upepo wa kusi unapokatika, kabla ya kaskazi kukaza, maleleji huituliza bahari ya ndani ya mwamba katika miezi ya Oktoba na Novemba, hata mtoto akaweza kupiga kafi. Kamati za shehia zinaweza kuorodhesha majina kabla ya hapo, zikianza na akina mama watakaoonekana wakirudi mwambani katika bamvua la mwezi huu.